Asubuhi Baada ya Ushindi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kuwaeleza wasomaji wenzangu jambo lililonifika nyumbani kwangu hapa Muthetheni. Nadhani limewafika wengi wenye vijana vyuoni, ingawa si wote wanaopenda kulisema. Mimi ni karani wa serikali, umri wangu miaka 38. Nilisoma katika shule ya sekondari ya misheni, na tangu utoto nimekuwa mpenzi wa mpira wa miguu. Jambo lenyewe ni la mpira; walakini nawaomba wale wasiopenda mpira wasiharakishe kugeuza ukurasa, kwa maana imo pia habari ya karo, ya mama na mwanawe, na ya mnyonge anapompiga mwenye nguvu.

Jumapili moja jioni, mvua za vuli zikiwa zimechelewa, nilikuwa nimeketi uani nikichagua mbegu za mbaazi. Akatokea mpwa wangu Mutinda, mtoto wa dada yangu mkubwa. Kijana huyu ana miaka 21, na anasoma ufundi wa umeme katika chuo kimoja cha ufundi. Baba yake alifariki mtoto akiwa mdogo, na tangu hapo karo yake tumeigawana: mimi natoa nusu katika mshahara wangu, na mama yake anatoa nusu katika ndengu na kuku wake. Alinisalimu kwa adabu, kisha akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikatambua mwandiko wa dada yangu. Aliandika hivi: "Ndugu yangu, mtoto ameniambia anaacha chuo aende Nairobi kucheza mpira. Sema naye wewe. Mimi nimesema hata sauti imenikauka."

Nikamwambia kijana aketi, anieleze mambo yalivyokuwa tangu mwanzo. Naye akaeleza.

Jumamosi iliyotangulia, chuo chao kilikuwa kimepata mechi ya kirafiki na klabu moja ya wachezaji wa kulipwa, waliokuwa wakijiandaa kwa ligi. Wageni walifika katika basi lao lenye jina ubavuni, na kila mmoja alikuwa na mfuko wake wa viatu. Vijana wa chuo walikuwa na jezi jozi moja tu, iliyofuliwa usiku ule na bado ina unyevu, na golikipa wao alivaa viatu vya kuazima. Wale wa mshahara walipouona uwanja, wenye mchanga upande mmoja na majani upande wa pili, walichekana. Kabla ya mapumziko walikuwa wamekwisha kutia bao moja, nao wakaanza kucheza kwa madaha, mmoja akipiga mpira kwa kisigino, mwingine akiukalia.

"Hapo, Mjomba," akasema Mutinda, "nahodha wetu alituambia kitu kimoja tu. Alisema, wao wanacheza na watazamaji, sisi tucheze na wao."

Basi wakarudi nyuma wote, wakabana, wakangoja. Bao la kwanza walilipata kwa kichwa, baada ya mpira wa kona. La pili alilifunga Mutinda mwenyewe zikiwa zimesalia dakika kumi, alipomnyang'anya mlinzi mpira aliokuwa akiuchezea kwa maringo. Kipenga kilipolia ilikuwa mbili kwa moja. Wanafunzi waliwabeba mabegani mpaka jikoni, na mpishi, ambaye kwa kawaida huhesabu vipande vya nyama kama mhasibu, siku ile aliwapakulia mara mbili bila kuhesabu. Baadaye mtu mmoja mwenye kofia, asiyekuwa wa klabu ile, akamwita Mutinda pembeni, akampa namba ya simu, akamwambia aende Nairobi kwa majaribio katika klabu nyingine.

"Mjomba, tuliwafunga watu wa mshahara," akasema. "Kama mimi nawafunga wanaolipwa, kwa nini nisilipwe mimi?"

Wasomaji wapenzi, swali hili si la kipumbavu, na sikuwa na jibu lake mara moja. Isitoshe, nilijua moyoni kwamba ugonjwa huu wa mpira mimi ndiye niliyemwambukiza.

Tarehe 17 Desemba 2017, alipokuwa mtoto wa miaka 13, nilimchukua mpaka Uwanja wa Kenyatta, Machakos, kutazama fainali ya Kombe la Chalenji la CECAFA kati ya Kenya na Zanzibar. Mwezi Machi mwaka ule Shirikisho la Mpira wa Afrika lilikuwa limeipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake, na mwezi Julai likaiondoa. Hata hivyo Wazanzibari walikuja Kenya, wakaifunga Tanzania Bara, wakaifunga Uganda iliyokuwa bingwa mtetezi mabao mawili kwa moja, na mbele ya macho yetu wakatoka sare na Kenya mabao mawili kwa mawili. Kenya ilishinda kwa penalti tatu kwa mbili. Tulifurahi kwa kuwa nchi yetu imetwaa kombe. Walakini njiani kurudi nyumbani mtoto hakuzungumza habari za Kenya. Alizungumza habari za Zanzibar tu.

Kisha ikaja siku ya tarehe 7 Julai 2019. Wengi mnaikumbuka. Klabu ya Everton ya Uingereza, iliyoanzishwa 1878 na iliyopata kuwa bingwa wa nchi yake mara tisa, ilikuja Nairobi kucheza na Kariobangi Sharks katika uwanja wa Kasarani. Kabla ya hapo Everton ilikuwa imekutana mara mbili na Gor Mahia, ambayo ndiyo klabu yetu yenye jina kubwa kuliko zote. Mwaka 2017 kule Dar es Salaam Gor walifungwa mbili kwa moja, na mwaka 2018 kule Liverpool wakafungwa manne kwa bila. Sharks ni watoto wa mtaa wa Kariobangi, mashariki ya jiji. Walikuwa wameipata nafasi ile kwa kuifunga Bandari bao moja kwa bila katika fainali ya mashindano ya SportPesa kule Dar es Salaam, Januari 2019. Watu waliuliza: kama Gor walifungwa manne, hawa watafungwa mangapi?

Nilikuwapo uwanjani pamoja na Mutinda. Kipindi cha pili Duke Abuya akawafungia Sharks bao, na uwanja mzima ukasimama. Ademola Lookman akasawazisha. Ikawa moja kwa moja, ikafika penalti. Nilimshika mtoto mkono nikaona unatetemeka. Baadaye nikatambua kwamba uliotetemeka ni wangu. Sharks walishinda kwa penalti nne kwa tatu. Watu wasiojuana walikumbatiana, na katika matatu ya kurudi Machakos abiria waliusimulia mchezo tangu mwanzo, ingawa wote tulikuwa tumeuona.

Basi jioni ile ya Jumapili mke wangu alipoandaa muthokoi tukala, nilimwambia Mutinda: "Wewe unaijua hadithi ya Everton na Sharks. Sasa nitakueleza hadithi nyingine ya Everton hiyohiyo, na timu ya chuo kama yenu."

Nchini Ayalandi, katika mji wa Dublin, kipo chuo kikuu kiitwacho University College Dublin. Timu yake ya mpira ilianzishwa 1895, na mwaka 1979 ikaingia katika ligi ya nchi. Wakati huo alikuwapo Dk. Tony O'Neill, mtu wa chuo na mpenda mpira, aliyeanzisha mpango wa kuwapa vijana msaada wa masomo kwa ajili ya mpira wao. Yaani kijana huja chuoni, anasoma sheria au uganga au biashara, na jioni anacheza. Mpira unamsaidia kusoma, na masomo hayamzuii kucheza. Watu wa ligi waliwaona kuwa vibonde. Baadaye waliongezwa wachezaji wenye ujuzi kutoka nje. Walakini shina la timu lilibaki chuoni.

Mwaka 1984 timu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Ayalandi, ikakutana na Shamrock Rovers, waliokuwa mabingwa wa ligi msimu uleule. Mechi ya kwanza ilikwisha bila bao. Katika mechi ya marudiano watu wa chuo wakashinda mawili kwa moja, na bao la ushindi lilifungwa na Ken O'Doherty katika dakika za mwisho kabisa. Kwa ushindi ule wakapata haki ya kuingia katika mashindano ya Ulaya ya washindi wa makombe, na kura ilipopigwa wakapangiwa Everton, washindi wa Kombe la FA la Uingereza.

Mwezi Septemba Everton wakaenda Dublin. Timu ya chuo ikawazuia. Mchezo ukaisha bila bao. Mwezi uliofuata wakarudiana Liverpool, na Everton wakapata bao moja tu, la Graeme Sharp. Karibu na mwisho mpira wa watu wa chuo uligonga mwamba wa juu wa goli. Kama ungaliingia, ingalikuwa sare ya bao moja kwa moja, na kwa kanuni ya bao la ugenini watu wa chuo wangaliendelea mbele na Everton wangalitolewa. Ukumbuke kwamba Everton wale hawakuwa timu dhaifu. Msimu uleule walitwaa ubingwa wa Uingereza na kombe lenyewe la Ulaya, mwaka 1985. Timu iliyokuja kuwa bora Uingereza iliponea chupuchupu mbele ya timu ya chuo.

Mutinda alisikiliza asiseme neno. Kisha akauliza: "Waliwezaje?"

Hapa, Bwana Mhariri, nilimjibu kwa mambo ya nyumbani kwetu, maana hayo ndiyo niyajuayo vizuri. Nilimwuliza, "Unayaona matuta yale ya fanya juu?" Maana mbele ya uwanja wangu shamba linashuka bondeni, na matuta yake yamepangwa moja chini ya jingine. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa kilimo waliitazama nchi hii ya Machakos wakaona kwamba inakwisha kwa mmomonyoko; vilima vilikuwa vitupu, na udongo mwekundu ulikwenda na mito. Walakini kufikia 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na udongo ulikuwa umeshikwa kuliko zamani. Nani aliyeushika? Hapakuja jitu lenye nguvu. Walikuwa akina mama na akina baba wa mwethya, leo shambani kwa huyu, kesho shambani kwa yule, wakichimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu. Tuta moja peke yake mvua hulivunja. Lakini maji yanapofika tuta la kwanza yakapungua kasi, yakafika la pili yakapungua tena, hata mvua kubwa hufika bondeni imekuwa mpole.

Ndivyo timu ndogo inavyomzuia mkubwa. Haimzuii kwa mtu mmoja shujaa. Huyu akipitwa, mwenzake yupo nyuma yake. Huyo akipitwa, yupo wa tatu. Na hakuna anayesema kwamba kazi ile si yake. Hilo ndilo la kwanza.

La pili ni dharau ya mkubwa. Wazee walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Wale waliocheka uwanja wenu wenye mchanga walikuwa wamekwisha kuwasaidia kabla mpira haujaanza.

La tatu ni kwamba mnyonge hana cha kupoteza. Mwenye mshahara akifungwa na wanafunzi ataulizwa kesho. Mwanafunzi akifungwa na mwenye mshahara, hakuna atakayemwuliza. Kwa hiyo miguu ya mkubwa huwa mizito, na ya mdogo huwa miepesi.

"Basi umekubali, Mjomba," akasema Mutinda. "Umekubali kwamba tunaweza."

Nikasema, "Nimekubali kwamba mnaweza kushinda. Sasa tuzungumze habari za asubuhi yake."

Nilimwambia kweli yote, hata ile isiyopendeza mashabiki. Ushindi wa Sharks ulikuwa wa heshima, nami nitausimulia mpaka nife. Walakini ulikuwa mchezo wa kirafiki. Msimu wa Everton ulikuwa haujaanza, na wachezaji wao walikuwa ndio kwanza watoke likizo. Watu wa chuo cha Dublin walifungwa, lakini walifungwa katika mashindano ya kweli, mbele ya watu waliocheza kwa nguvu zao zote, kwa tofauti ya bao moja katika mechi mbili. Je, kilicho kikubwa ni kipi: kushinda mchezo usiohesabiwa, au kushindwa kidogo namna ile katika mchezo unaohesabiwa? Mimi sikumjibu, nilimwachia afikiri.

Kisha nikamkumbusha yaliyofuata hapa kwetu mwaka ule wa 2019. Kabla mwezi wa Agosti haujaisha, SportPesa, iliyokuwa mdhamini wa ligi na wa klabu kadhaa, ilitangaza kujitoa baada ya mgogoro wake na serikali juu ya leseni. Ligi ikaanza bila mdhamini. Mwezi Novemba Sony Sugar, waliokuwa mabingwa wa nchi 2006, wakaondolewa katika ligi kwa kushindwa kufika katika mechi zao kwa ajili ya ukata. Wachezaji wale hawakuwa wabovu wa mpira. Miguu yao ilikuwa ileile ya mwezi uliopita. Kilichobadilika ni karatasi katika ofisi ambayo hawakupata kuiona.

Nikasema pia, "Watazame wawili waliofunga mabao siku ile. Lookman alipanda ngazi mpaka akawa Mchezaji Bora wa Afrika mwaka 2024. Abuya naye hakupotea. Alikwenda Tanzania, akafika mpaka Yanga, naye analipwa kwa jasho lake. Hao ndio tunaowajua majina. Na wale wengine ishirini waliokuwa uwanjani, wangapi unaweza kunitajia?" Hakuweza kutaja hata watatu. Wala mimi sikuweza. Hata kule Dublin, Joe Hanrahan, aliyekuwa mshambuliaji wao hodari, alichukuliwa na Manchester United. Walakini alikaa huko asipate kuichezea timu ya kwanza.

Nilidhani nimemaliza shauri. Kumbe sikuwa nimemaliza. Kijana aliinua uso, akanitazama, akasema kwa upole, jambo lililoniuma kuliko kama angalisema kwa ukali:

"Mjomba, nisamehe. Wewe ulipata cheti ukakaa miaka mingapi bila kazi? Na mama aliniambia kwamba na wewe uliitwa na klabu ulipokuwa kidato cha nne, ukakatazwa. Je, hujutii?"

Mke wangu aliondoka akaenda jikoni, maana hakupenda kusikia nitakalojibu.

Ni kweli. Nilikuwa mchezaji wa pembeni, mwenye mbio. Mtu mmoja alikuja shuleni kwetu akaniona, akaenda mpaka nyumbani kumwomba baba. Baba yangu alikuwa mkulima asiyejua kusoma. Alimkaribisha mgeni vizuri, akampa maji ya kunywa, akamwuliza swali moja: "Akivunjika mguu, mtamlisha ninyi?" Mgeni akacheka. Baba hakucheka. Mazungumzo yakaishia hapo. Nilimaliza masomo, nikakaa miaka minne bila kazi, nikichoma makaa na kuuza mchanga wa mtoni, kabla sijaajiriwa. Katika miaka ile minne niliwaza kila Jumamosi juu ya yule mgeni. Hata leo, nikiwa na meza yangu na mhuri wangu, Jumamosi nyingine huwaza.

Nilimwambia hivyo, nisifiche kitu. Maana niliona kwamba nikijifanya mtu asiyejuta, atajua nasema uongo, na yote niliyosema kabla yataharibika. Nikamwambia: "Baba yangu hakukosa, na mimi najuta. Mambo haya mawili yanaweza kukaa katika nyumba moja. Lakini baba alichagua kati ya mambo mawili tu, mpira au shule, kwa kuwa wakati ule hakuonyeshwa njia ya tatu. Wewe unayo."

Na hiyo njia ya tatu si ya Dublin peke yake. Ipo hapa Kenya. Mwaka 1987 katika bonde la Mathare, Nairobi, kilianzishwa chama cha vijana kiitwacho MYSA. Katika ligi zake timu haikupata pointi kwa mabao tu. Ilipata pointi pia kwa kufagia mitaa na kuzoa taka. Kijana aliyejitolea sana alipata msaada wa karo. Kutoka katika chama hicho ikatoka klabu ya Mathare United mwaka 1994, na wachezaji wake waliwajibika kufanya kazi ya kuwasaidia watoto wa mtaa. Wakubwa wa ligi waliwacheka hao wazoa taka. Mwaka 1998, miaka minne tu baada ya kuundwa, walitwaa Kombe la Moi. Mwaka 2000 wakalitwaa tena. Na mwaka 2008 wakawa mabingwa wa Kenya. Vijana hao walishinda huku wameshika ufagio, na wengi wao wameshika daftari.

Tulizungumza mpaka taa ikapungua mafuta, kwa kuwa umeme ulikuwa umepotea jioni ile. Mwishowe tulifanya mapatano, nami nikayaandika kikarani, kifungu kwa kifungu, maana ndivyo nilivyozoea. Kwanza, Mutinda atamaliza vipindi viwili vilivyosalia na kufanya mtihani wake. Pili, wakati wa likizo atakwenda Nairobi kwa majaribio, na nauli nitatoa mimi. Tatu, hatakwenda kwa namba ya simu ya mtu mwenye kofia. Nitaiandikia klabu yenyewe barua rasmi, na klabu itajibu kwa barua. Nne, wakimchukua, atakwenda akiwa na cheti chake mfukoni, na mimi sitasimama mlangoni kumzuia. Kifungu hiki cha nne alikitaka yeye mwenyewe. Nilisita kabla ya kukiandika, walakini niliandika.

Asubuhi alinitengenezea swichi ya sebuleni, iliyokuwa imelegea tangu mwaka jana, kisha akaondoka kwenda kupanda matatu, viatu vyake vya mpira vimening'inia begani kwa kamba zake. Barua nilimwandikia dada yangu siku ileile. Alinijibu kwa maneno machache: amesikia, ameshukuru, lakini angependa kujua kwa nini nimetia kifungu cha nne. Bado sijamjibu.

Barua ya klabu nayo imekwenda, na hadi ninapoandika haijajibiwa. Mutinda yuko chuoni. Nasikia ile timu ya watu wa mshahara imeomba kurudiana nao, na safari hii hawatacheka uwanja. Nimemwambia kwamba hiyo ndiyo itakayokuwa mechi yao ya kwanza ya kweli, nami nimeomba ruhusa ya siku moja kazini nikaitazame.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi wazazi: sisi tunapenda kuwaambia vijana kwamba mnyonge hawezi kumpiga mwenye nguvu, kwa kuwa tunaogopa watakavyoumia. Vijana nao wanajua kwamba si kweli, kwa maana wameona kwa macho yao Kasarani na Machakos. Basi tusiwadanganye. Tuwaambie kwamba mnyonge anaweza kushinda, na tuwafundishe jinsi ya kushinda. Kisha tukae nao tuulizane habari za asubuhi inayofuata. Ikiwa yupo mzazi au mlezi aliyefanya mapatano bora kuliko yangu, namwomba ayaandike katika gazeti hili, nami nitayasoma kwa makini kabla sijamjibu dada yangu.

Wasalaam,

Ni mimi mpenda michezo,
Karani wa Muthetheni, Machakos